Adhabu ya Makuti

Juzi kijana wa bodaboda alinishusha hapa nyumbani Gongoni, akatazama simu yake, akasonya. "Chaji imekwisha, Hawe. Hii sasa ni adhabu!"

Nikamuuliza, "Nani kakuadhibu?"

Akacheka. "Ni neno tu, Hawe."

Neno tu! Mimi Kache, ambaye vijana huniita Hawe, yaani bibi, nimefanya kazi ya chumvi tangu msichana mpaka magoti yaliponiambia basi, na neno hilo moja nusura limwangamize mwenzangu mbele ya macho yangu. Kwa hiyo nyinyi mnaokwenda kuandikwa kazi ya chumvi Marereni na hapa Gongoni, kaeni kidogo. Najua mna haraka. Hata chumvi ina haraka, lakini hukaushwa na jua na wala hailalamiki.

Tuanze na miguu, maana siku hizi mtu hupewa buti, akaambiwa "ingia", ikawa ndiyo mafunzo yake yote. Zamani hatukuwa na buti. Tulikuwa na mafuta ya nazi, na mafuta hayo yana saa yake: hupakwa asubuhi kabla ya kuingia bwawani. Ukipaka jioni umeifungia chumvi ndani ya nyufa, utalala ukihesabu boriti za paa. Jicho likikuwasha, lifute kwa bega. Kila mgeni hulifuta kwa kiganja, lakini hufanya hivyo mara moja tu maishani. Na embe mbichi usiende nayo kazini ukidhani utaipatia chumvi ya bure. Mikono ikishakuwa na vidonda, ndimu na embe ni maadui zako.

Hayo nilifundishwa na Mama Sidi. Alikuwa mjane kutoka Malindi mjini, mtu wa mji wa kale hasa, na Kiswahili chake kilitoka mdomoni kimepigwa pasi. Sijui alivyofika kwenye mabwawa ya chumvi, na siku niliyomuuliza alinijibu, "Nilikuja kwa miguu." Ndiye aliyenishikisha reki. "Reki huvutwa, mwanangu, haichimbi. Ukichimba utaleta tope, na tope halitiwi mchuzini." Akanifundisha na kusikiliza. Chumvi iliyoiva hulia ukiikanyaga. Ikinyamaza, iache, haijawa tayari, hata bosi akisema iko tayari.

Siku moja jua la kaskazi lilinichoma mpaka nikaitupa reki chini. Nikasema, "Mama, jua hili ni adhabu!"

Akasimama. "Umekosa nini?"

"Sijakosa kitu."

"Nani kakuhukumu?"

"Hakuna."

"Basi si adhabu. Jua ni jua. Adhabu ina mwenyewe, Kache. Kuna aliyekosa, kuna kosa, na kuna aliyeitoa. Kimoja kikikosekana hapo, tafuta neno jingine. Sema taabu, sema dhiki, sema mateso. Kiswahili si maskini kiasi hicho."

Nilimwona mwanamke mwenye maneno mengi. Nilikuwa na kiu, yeye ananipa sarufi. Mama Sidi alifariki kabla ya mambo ninayotaka kuwaeleza, Mungu amlaze pema, na mpaka leo huwaza kwamba maneno yale alinipa niyaweke kama mtu awekavyo akiba ya unga.

Sasa nyapara wetu. Hii ni miaka ya themanini, wakati watoto wakinywa maziwa ya bure shuleni na sisi wazazi tukiyasikia harufu tu. Nyapara wa matuta yetu, zile kingo za tope kati ya mabwawa, alikuwa Mzee Charo, mtu wa Magarini, mwembamba, sauti nene. Shule hakuipata, lakini wallahi angekuwa hakimu. Kampuni ilimruhusu kumkata mtu mshahara akikosa. Yeye alisema kukata mshahara hakuna ladha, mtu anaumia mwisho wa mwezi wakati kosa lenyewe amekwisha lisahau. Alitaka uumie siku hiyohiyo, tena wenzako wakitazama. Basi ukikosa alikusimamisha, akakohoa, akatazama mbali kama anayesoma kitu kilichoandikwa mawinguni, kisha: "Adhabu yako..." Hapo kazi yote ilisimama, watu wakasikiliza.

Aliyevunja mpini wa reki aliambiwa atembee na kipande chake shingoni mpaka jioni. Aliyelala kibandani aliambiwa amsalimie kila mtu wa zamu, mmoja mmoja, "Shikamoo, mimi ni mlalaji." Kijana mmoja mpenda kuimba alikatazwa kuimba, na yule akaugua kweli. Tulimwogopa Mzee Charo, na tulimpenda kidogo pia, kwa sababu adhabu zake zilikuwa za wengine siku nyingi kuliko zilivyokuwa zetu. Mkuki kwa nguruwe mtamu.

Niliyefanya naye kazi tuta moja alikuwa Dama. Dama alikuwa kijana kuliko mimi, amefiwa na mume, ana watoto watatu, na mama mkwe asiyemtaka. Mume alikuwa ameumwa tumbo, akafa upesi, na huko kijijini kifo cha upesi hakikosi kutafutiwa mtu. Maneno yalikuwepo, lakini yalikuwa ya chini chini, ya kisimani. Dama alijua. Alikuwa na desturi ya kuchekesha watu kabla hawajapata nafasi ya kumwogopa.

Jumamosi moja ya kaskazi, jua kali, mbingu safi, Dama akafika kazini asubuhi imekwenda. Mtoto wake mdogo alichemka mwili, akampeleka zahanati, na foleni ya zahanati mnaijua, hiyo haikubadilika. Mzee Charo akamsimamisha, akakohoa, akatazama mbali.

"Adhabu yako," akasema, "makuti ya ghala."

Watu wakaguna, wengine wakacheka. Ghala letu lilikuwa likivuliwa makuti ya zamani ili lipauliwe kwa mabati, na yale makuti yalilundikwa nje, meusi, yamejaa vumbi na nge. Dama alitakiwa kuyabeba yote mpaka kwenye mikoko, mwisho kabisa wa mabwawa, yakachomwe huko. Mtu na kichwa chake.

"Mzee, mtoto alikuwa mgonjwa," Dama akasema.

"Sikumwadhibu mtoto," akajibu Mzee Charo.

Alibeba. Mimi nikimaliza karai zangu nilimpokea mizigo miwili mitatu, kwa kujificha. Saa za kutoka zilipokaribia makuti yalikuwa yamefika nusu ya njia tu, pale kwenye tuta letu, na Dama akatupa mzigo wa mwisho juu ya lundo lake la chumvi. "Basi!" akasema. "Mikoko haihami. Nitamalizia Jumatatu. Makuti yameoza, adhabu haiozi."

Lakini upepo ulikuwa mkali, na kuti moja likipeperuka likaangukia bwawani, Mzee Charo angetupa adhabu nyingine juu ya ile. Basi tukayatandaza. Tulianza chini tukapanda juu, kuti likalalia kuti, kama mnavyojua kupaua, maana sote tumekulia chini ya makuti na mikono haijui kuyapanga namna nyingine. Juu tukalaza vijiti vya mkoko. Tukaenda zetu.

Jumapili mchana, watu wametoka kanisani, mbingu ikafunga ghafla ikamwaga mvua. Mvua ya kaskazi! Wazee walitoka nje kuitazama. Mimi nilikuwa jikoni, nikakaa chini nikalia, kwa sababu malundo yetu yote yalikuwa matutani, yakingojea lori la Jumatatu. Malundo ya matutani hayakuwa yakifunikwa, nani atafunika chumvi msimu wa jua? Turubai lilikuwa moja, la lundo kubwa la ghalani.

Jumatatu tulikuta malundo yamenywea, yamebaki vichuguu vya kijivu na vijito vya maji ya chumvi vikirudi bwawani. Kazi ya siku nyingi, ya watu wote. Tulitembea tuta kwa tuta bila kusema. Tukafika letu. Lundo langu lilikuwa limelainika kama ugali wa mgonjwa. La Dama lilikuwa chini ya makuti. Dama akavua kuti moja, la pili. Chumvi nyeupe, kavu, inalia.

Sikufurahi. Nawaambia kweli, nilitazama nyuma nikaona nyuso za wenzetu.

Mwanamke mmoja akasema polepole, "Mvua gani hii yenye macho?"

Na mwingine, "Amezika mume, sasa anazika chumvi yetu."

Neno likatembea. Mpaka mchana halikuwa tena neno la chini chini. Walisema ametupiga utsai, ndio uchawi kwa Kigiriama chetu, kaita mvua yeye mwenyewe, na ndiyo maana alijua kufunika. Tulipokusanyika kwenye kibanda cha pampu, watu wazima walishapanga: aachishwe kazi leo, kisha apelekwe kiapo, ashikishwe shoka la moto. Akiungua, ni yeye. Niambieni nyinyi mliosoma, nani anashika shoka la moto asiungue? Dama alikaa juu ya karai lililofudikizwa, mikono mapajani. Siku hiyo hakumchekesha mtu.

Msimamizi wa kampuni alikuja. Bwana Mbithi, mtu wa bara, mlokole, suruali imenyooka. Nikasema moyoni, afadhali, huyu hataki habari za uchawi. Kweli hakuzitaka. Alisimama akasema, "Hii mvua ni adhabu ya Mungu kwa sababu ya mnazi. Mnakunywa sana."

Mzee mmoja akauliza, "Sasa huyu Mungu alimsamehe Dama peke yake?"

"Inawezekana yeye hanywi," akasema Bwana Mbithi.

"Anakunywa kuliko mimi!" akapaza sauti mwingine. Lo, msaada huo! Bwana Mbithi akafungua mdomo, akaufunga, akaanza kukagua pampu.

Na Mzee Charo? Mzee Charo alikaa pembeni kabisa, anachora mchangani kwa kijiti. Mtu ambaye sauti yake ilifika Magarini, siku hiyo alikuwa bubu. Nilimtazama mpaka shingo ikaniuma. Hakuinua kichwa. Niliona wazi: aliogopa. Mtu akishaitwa mchawi, anayemgusa hupata masizi. Na mimi niliogopa vilevile. Nilikuwa nimetandaza yale makuti kwa mikono yangu hii, na hakuna aliyejua. Ningenyamaza ningerudi nyumbani salama.

Hapo ndipo Mama Sidi aliponijia, na Kiswahili chake cha pasi. Adhabu ina mwenyewe. Nikasimama.

"Wakubwa zangu, shikamooni," nikasema. "Naomba kuuliza. Yale makuti yametoka wapi?"

"Ghalani," wakajibu.

"Dama aliyaiba?"

Kisha mmoja akasema, "Alipewa. Ilikuwa adhabu."

"Adhabu ya nani?"

Sikungoja wajibu. Nikasema, "Mimi nilisaidia kuyatandaza, kwa hiyo mkitafuta shoka tafuteni na langu. Lakini sisi tulitumwa. Kama makuti yale yalikuwa dawa, basi aliyeyatoa ndiye mganga. Dama ni mwanafunzi tu. Tangu lini mwanafunzi akashika shoka kabla ya mwalimu wake?"

Shingo zote zikageuka pamoja, zikaelekea pembeni. Mzee Charo alikuwa bado na kijiti mkononi.

Lo! Nilimwona mtu akiruka kutoka chini bila kushika kitu. "Ati mimi?" akanguruma, na sauti yake ikawa imerudi yote. "Mimi Charo? Makuti ni makuti! Nilimpa makuti ya kutupa! Alichelewa, nikampa adhabu, mbele yenu, mkasikia kwa masikio yenu na mkacheka! Wewe ulicheka! Na wewe! Dawa iko wapi hapo? Kuti likilalia kuti mvua haiingii, hata mtoto anajua! Nyumbani kwenu mnaezekea nini, uchawi?"

Kwanza akacheka mtu mmoja, nyuma. Kisha wa pili. Kisha yule kijana mpenda kuimba akasema, "Makuti ni makuti!" kwa sauti ya Mzee Charo hasa, na kibanda kizima kikaangua kicheko, kicheko kile cha watu waliopoteza chumvi na hawana la kufanya. Mtu aliyecheka hivyo hawezi tena kwenda kutafuta shoka. Wakatawanyika wakinung'unika habari za mnazi. Dama akaanza kulia baada ya wote kuondoka. Nilimshika bega.

Sasa sikilizeni binadamu alivyo. Jumanne Mzee Charo alisema kwamba Jumamosi ile alihisi hewa nzito kidogo. Jumatano alikuwa amenusa mvua. Mpaka Ijumaa alikuwa ameoteshwa mvua hiyo tangu Alhamisi ya kabla yake, na adhabu ya makuti aliitoa kwa makusudi, kwa kuwa anawapenda watu wake! Watu wakaamini. Walewale! Wengine wakaanza kumwendea asubuhi kumuuliza kama leo kuna adhabu yoyote anayoona itawafaa.

Mimi damu ilinichemka. Nikamwambia Dama twende tukamuumbue. Dama alikuwa akivuta reki, wala hakusimama.

"Mwache," akasema. "Afadhali yeye awe nabii kuliko mimi kuwa mchawi."

Nikashika reki yangu, na nabii akaendelea kunusa.

Bwana Mbithi alitoa amri kila lundo la matutani lifunikwe makuti, msimu wowote. Sisi kazi ile tukaiita adhabu. "Umeshaweka adhabu?" "Nisaidie adhabu, upepo umekuja." Wageni kutoka bara walikuwa wakishangaa kuona watu wanagombania adhabu wakicheka. Siku hizi mna maturubai ya plastiki, na neno lile halipo tena huko. Turubai ni zuri, sina ugomvi nalo, lakini lifunge pande zote nne. Kuti likipeperuka limekwenda kuti moja. Turubai likipeperuka limekwenda paa.

Na mikokoni makuti ya Dama hayakufika. Mzee Charo, kwa unabii wake wote, hakumfutia. Kila walipopishana alimnyooshea kidole: "Dama! Adhabu yako bado!" Naye hujibu, "Haijaoza, Mzee." Walifanyiana hivyo miaka, mpaka Mzee Charo akastaafu akarudi kwao Magarini.

Tukasikia anaumwa. Hawezi kuinuka, wanawe wako Mombasa, na nyumba inavuja. Dama akanunua makuti mapya, akakodi mkokoteni, akanipitia nyumbani. "Twende," akasema, "na uvae leso ya kazi."

Tulimkuta kitandani, amekwisha, sauti imebaki uzi. Sufuria mbili zilikuwa sakafuni zinakinga maji. Dama hakukaa. Alisimama mlangoni, akakohoa kama Mzee alivyokuwa akikohoa, akatazama mbali.

"Shikamoo, Mzee. Nimekuja kumaliza adhabu yangu."

Yule mzee alimtazama, akatazama makuti nje. Machozi yakamtoka, hata hakuyafuta. "Dama," akasema, "siku ile sikunusa mvua."

"Najua, Mzee."

"Niliogopa."

"Hilo nalijua pia."

Dama alikuwa amekwisha panda juu, mimi namrushia kuti moja moja, naye analilaza, kuti likalalia kuti. Mzee Charo alilala akitazama mwanga ukipungua paani, tundu baada ya tundu. Tulipofika juu ya kitanda akainua mkono kidogo, akajitahidi apate ile sauti yake ya hukumu.

"Basi, mwanangu. Adhabu yako imekwisha."

"Bado," akajibu Dama kutoka juu. "Upande wa jikoni unavuja."